Kibao Mahali pa Sauti

Mtaani walimwita Bwana Kadi, na wengi hawakujua jina hilo limetoka wapi. Waliozaliwa juzi walidhani aliwahi kuuza kadi za simu. Wengine walisema lazima mzee huyu alikuwa hodari wa karata ujanani. Waliojua ukweli walikuwa wa kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na hao nao walikuwa wakiondoka mmoja mmoja.

Ukweli ni kwamba alikuwa karani wa kadi katika maktaba, enzi ambazo maktaba ilikuwa maktaba. Aliingia pale akiwa na miaka kumi na saba na ufagio mkononi. Shule aliiacha darasa la nne. Alichojua baada ya hapo alikipata kwa kupangusa vumbi: akipangusa kitabu, anakifungua, akikifungua, anasoma ukurasa mmoja kabla msimamizi hajatokea. Baada ya miaka mitano ya kusoma kwa kuiba hivyo, msimamizi mwenyewe alichoka kumkemea. Akamnyang'anya ufagio, akamkabidhi kalamu.

Kabati la kadi lilikuwa na droo sabini na mbili. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake, na kila kadi iliandikwa kwa mkono: nani kaandika, jina la kitabu, rafu ya ngapi, nafasi ya ngapi. Mtu aliingia hajui chochote, akavuta droo, akasoma kadi, akatembea hatua ishirini, akanyoosha mkono. Kitabu hicho hapo. Siku hizi ukisimulia jambo hili watu wanakutazama kama unaota. Lakini lilikuwepo, na lilifanya kazi, na halikuhitaji umeme.

Bwana Kadi alikuwa na sheria moja ambayo hakuitania. Kitabu kikipotea, kadi yake aliichana. Aliitoa kwenye droo, akaichana mara mbili, akaitupa kapuni. Alisema kadi inayomtuma mtu kwenye nafasi tupu inamdanganya, na yeye hakuajiriwa kudanganya watu.

Mwanamke aliyekuja kuwa mke wake ndiye aliyempinga. Yeye alikuwa mpanga rafu. Kwake, nafasi tupu haikuwa ya kuzibwa kwa kusogeza vitabu kama watu wanaokaliana kwenye benchi. Aliokota vipande vya mbao alivyoacha seremala wa meza, akavikata kwa ukubwa wa vitabu, akabandika karatasi ubavuni. Kitabu kisipoonekana, alisimamisha kibao mahali pake. Kwenye karatasi aliandika jina la kitabu, siku kilipoonekana mara ya mwisho, na aliyekishika mara ya mwisho. Watoto wakampa jina la Mama Vibao. Wazazi wageni walioshtuka kusikia jina hilo walidhani anawachapa watoto wao, na ilibidi wapelekwe rafuni wakaone.

Walianza kwa kutaniana. "Wewe ni mchimba kaburi," Mama Vibao alimwambia. "Mtu hajatoweka wiki mbili, ushamfukia."

"Na wewe umeigeuza maktaba duka la mbao," alijibu. "Siku moja mtu ataazima kibao."

Basi mwaka mmoja kilitoweka kitabu cha ufugaji wa nyuki. Kadi ilichanwa, kibao kikasimama. Miaka minne ikapita. Asubuhi moja muuguzi mstaafu akaingia, kitabu kwapani, anaona haya kuliko mwizi. Alikuwa amehama nyumba, kitabu kikafungwa na vyombo. Akaenda mwenyewe mpaka rafuni, akakuta kibao chenye jina lake kinamsubiri. Akakitoa, akakisukuma kitabu ndani, kikaingia sawasawa. Mama Vibao alikichukua kile kibao, akaenda akakiweka juu ya meza ya Bwana Kadi, karibu kabisa na kalamu yake. Ilibidi aandike kadi upya.

"Andika vizuri," alimwambia. "Ingawa hata ile ya kwanza uliiandika vizuri."

Mwaka uliofuata walioana.

Maktaba ilifungwa wakati wameshazeeka humo. Kwanza paa lilivuja, barua zikaandikwa, zikajibiwa kwa barua nyingine. Kisha ikaja barua ambayo haikuhitaji jibu. Walioamua hawakuwahi kuazima hata kijitabu. Vitabu vilipakiwa kwenye lori kama viazi, na mpaka leo hakuna anayejua vilishushwa wapi. Jengo likawa ofisi, ofisi zikahama, sasa wanauza humo maganda ya simu. Mahali lilipokuwa kabati la kadi pana sanamu ya plastiki isiyo na kichwa, imevaa vipokea sauti shingoni.

Bwana Kadi aliambiwa zile kadi azichome. Alizibeba nyumbani. Mke wake naye akabeba vibao vyake, kreti moja, akaviweka chini ya meza ya kushonea.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike, na alikuwa anajiandaa kwenda kufanya kazi mbali, ng'ambo ya ng'ambo. Kabla hajaondoka alimwekea baba yake kompyuta yake ya zamani juu ya meza ya kulia, akamfungulia blogu. Alimfundisha kwa siku tatu. Akamwambia, "Baba, hii ni droo tu. Tofauti ni kwamba haijai."

Hilo lilimwingia. Kila asubuhi baada ya chai alichukua kadi moja, akaigeuza kuwa ukurasa. Aliandika kitabu kilihusu nini, nani alikipenda, nani alikilia machozi, nani alikirudisha kikiwa na alama ya kikombe. Chini yake aliweka kiungo: mahali pengine kwenye mtandao ambapo mtu angeweza kukisoma kitabu hicho, au kumjua mwandishi wake. Ukibonyeza, unapelekwa. Ilikuwa kadi na hatua ishirini, vyote kwa pamoja. Wasomaji wa zamani wakaanza kumpata mmoja mmoja, kutoka miji ambayo hakuijua. Wengine waliandika mstari mmoja tu: mimi ndiye yule wa alama ya kikombe, nisamehe. Aliendelea hivyo miaka tisa.

Kulikuwa na ukurasa mmoja ambao haukuwa wa kitabu. Aliuita "Jumamosi Saa Nne", kwa sababu kila Jumamosi saa nne mke wake aliwakalisha watoto sakafuni akawasomea. Mwaka mmoja kabla ya kufungwa alikuja mama mmoja mgeni, mkusanyaji wa hadithi za watoto, na kinasa sauti kidogo. Alimrekodi akisoma hadithi ya mshona viatu aliyewashonea watu wote viatu akasahau mguu wake mmoja. Dakika kumi na moja. Miaka miwili baadaye, blogu ikiwa imeshaanza, ilikuja barua ya posta: rekodi imewekwa kwenye tovuti ya mradi wao, anwani yake ni hii. Mke wake akaisoma ile anwani herufi kwa herufi, ndefu kama reli, yenye tarakimu katikati, na yeye akaichapa. Juu yake aliweka maneno mawili, "sikiliza hapa". Barua akaitupa. Kilichoingia kwenye kadi hakiwekwi mara mbili.

"Haya, sikiliza basi, ujue mkeo anasikikaje," mke wake alimwambia siku hiyo.

"Nakusikia kutwa nzima," akajibu. "Nikusikilize na kwenye mashine?"

Wakacheka wote wawili. Hakubonyeza. Hakuwahi kubonyeza.

Mke wake alifariki baada ya homa ya siku tisa. Hayo hayana masimulizi. Watu walikuja, walikaa, waliondoka. Binti alikuja, akakaa wiki mbili, akarudi kazini kwake. Nyumba ikabaki na saa ya ukutani na mzee mmoja.

Mwezi haujaisha, ikaja taarifa kwamba kampuni iliyohifadhi blogu yake inafunga shughuli. Kila mwenye kurasa azihamishe. Akahama. Huko kupya jina la blogu lilibaki lile lile, lakini kurasa zake zote zilipewa anwani mpya. Za zamani zilikuwa na mwaka na mwezi ndani yake, hizi mpya hazikuwa nao. Kwa hiyo kila mtu aliyekuwa ameihifadhi anwani ya zamani, popote alipokuwa, aliibonyeza akakutana na ukuta: ukurasa haupatikani.

Maelezo ya kurekebisha yalikuwepo, na aliyaelewa, maana kusoma maelezo ndiyo iliyokuwa kazi yake tangu ujana. Unaandika orodha. Upande huu anwani ya zamani, upande ule anwani mpya, mstari kwa mstari, kila ukurasa wake. Mtu akija kwa njia ya zamani anachukuliwa kimyakimya mpaka mahali penyewe. Alizifanya mia tatu na arobaini. Zilibaki zaidi ya elfu mbili. Alipofika mstari wa mia tatu na arobaini aliinua kichwa aulize chai, akakumbuka hakuna wa kumuuliza. Kisha akaandika mstari mmoja wa mwisho, mstari unaozoa vyote vilivyobaki: yeyote anayekuja kwa anwani nyingine yoyote ya zamani, apelekwe ukurasa wa mbele.

Angekuwa karani mwingine amefanya hivyo zamani zile, Bwana Kadi angemfokea mbele za watu. Ni sawa na msomaji kukuuliza kitabu cha nyuki, ukamshika mkono, ukamrudisha mpaka mlangoni, ukamwambia karibu maktaba.

Lakini kubwa lilikuwa linakuja. Huko kupya kulikuwa na chombo cha kukagua viungo. Unakiwasha, kinapita kila ukurasa, kinajaribu kila kiungo, kinakuletea orodha ya vilivyokufa. Kilimletea mia nne kumi na sita. Tovuti zilizofungwa, vyuo vilivyobadilisha majina, watu waliokufa na kurasa zao. Mbele ya kila kimoja kulikuwa na kitufe cha kufuta.

Kazi hiyo aliijua. Mkono wake uliijua kabla ya kichwa. Alikaa nayo asubuhi nne, akafuta kimoja baada ya kingine, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alihisi kifua kikilegea kidogo. Kulikuwa na kitu kinachomalizika. Alipofika mwisho, chombo kiliandika sifuri. Akafuta na nakala za nyuma za kurasa zote, maana aliambiwa zinaifanya blogu iwe nzito. Akafunga kompyuta, akalala mchana kama mtu aliyelima.

Miezi minane baadaye binti yake alijifungua mtoto wa kike. Wakampa jina la bibi yake. Wiki ya tatu akapiga simu asubuhi, wakati baba yake anamenya chungwa.

Walizungumza mambo ya mtoto: halali usiku, ananyonya vizuri, ana paji la uso la bibi yake. Halafu binti akasema alitaka mtoto aisikie sauti ya bibi yake. Alikuwa ameihifadhi anwani ya ule ukurasa wa Jumamosi Saa Nne kwenye simu yake siku nyingi, ila baada ya msiba hakuwa na moyo wa kuifungua. Leo ameifungua.

"Imenipeleka mbele, Baba. Nikatafuta mwenyewe mpaka nikaupata ukurasa. Maneno yapo. Nabonyeza, hakuna kitu."

Alimwambia asubiri. Kisu bado kikiwa mkononi alikwenda kwenye kompyuta, akafungua. Ukurasa ulikuwepo, na kila neno alilokuwa ameandika. Mwisho kabisa paliandikwa: sikiliza hapa. Zamani maneno hayo yalikuwa ya rangi ya buluu na mstari chini. Sasa yalikuwa meusi kama mengine yote. Chombo kilikuwa kimeondoa njia kikaacha maneno.

Alielewa papo hapo.

"Kuna hitilafu," alimwambia binti yake. "Nitaishughulikia."

"Haina haraka," alisema binti. "Ila usichelewe."

Siku ile ile alivaa shati safi akaenda kwa fundi. Mtaa mzima ulimwita Mama Fotokopi, mwanamke wa makamo aliyekuwa na chumba kimoja chenye mashine ya nakala, kitambaa cheupe cha kupigia picha za vitambulisho, na kompyuta tatu. Zamani aliwahi kuwa mmoja wa watoto wa sakafuni, na alimwamkia kila mara kwa heshima ya mwanafunzi.

"Shikamoo, mzee wangu. Leo umechana kadi ya nani?"

"Marahaba," alisema, na hakuweza kucheka. Akamweleza yote.

Mama Fotokopi alimsikiliza huku akipanga karatasi. Kisha akamwambia habari ambayo Bwana Kadi hakuijua. Kurasa zinazokufa hazipotei zote. Kuna ghala, huko huko mtandaoni, lenye mashine zinazopita duniani kutwa zikipiga nakala za kurasa na kuziweka. Tovuti inaweza kuwa imefungwa miaka mitano na nakala yake ikawa ghalani, na pengine hata sauti.

Mzee akanyanyuka kidogo kwenye benchi. "Basi tuiombe."

"Tunaiomba sasa hivi. Lakini ghala hili si kama lenu, mzee wangu. Halina droo za majina. Unaliuliza kwa anwani. Ile ile iliyokufa, herufi kwa herufi. Nipe anwani."

Chumbani mashine ilikuwa inatoa nakala, moja, moja, moja.

"Sina," alisema.

"Ile linki yenyewe. Hata kama haifanyi kazi. Iliyokufa ndiyo tunayoitaka."

"Nimekwambia niliifuta."

Mama Fotokopi aliacha karatasi. Alimtazama, na alipoona uso wake akageuka haraka kwenye kompyuta, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kufuta jasho. Akaanza kujaribu. Alitafuta kwa jina la mradi, na mzee hakulikumbuka. Alitafuta kwa jina la hadithi. Alitafuta kwa mshona viatu, kwa viatu, kwa watoto na Jumamosi. Kampuni ya zamani iliyohifadhi blogu haikuwa na mtu wa kupokea simu, maana haikuwepo. Jua likahama kutoka kizingitini mpaka kwenye kitambaa cheupe. Akamwambia mzee arudi kesho.

Kesho yake alikuwa na wazo. Kama ghala linapiga nakala za kurasa za watu wote, huenda lilipiga na za blogu yake, siku ambazo kiungo kilikuwa bado hai. Ndani ya nakala hiyo anwani ingekuwemo. Akaandika anwani ya zamani ya Jumamosi Saa Nne, ile ambayo binti alikuwa ameihifadhi. Ghala likajibu.

"Zipo mbili," alisema, na sauti yake ilipanda.

Akafungua ya kwanza. Ilikuwa ya mwaka wa mwanzo kabisa wa blogu, kabla barua ya yule mgeni haijafika. Ukurasa uliishia kwenye habari za watoto na mkeka. Hayo maneno mawili hayakuwepo bado.

Akafungua ya pili. Ilikuwa ya wiki moja baada ya zile asubuhi nne, mashine ilikuwa imefuata anwani ya zamani na kuletwa kwenye mlango wa mbele. Akafuata kutoka mlangoni mpaka kwenye ukurasa wenyewe. Sikiliza hapa, kwa wino mweusi.

Moja kabla, moja baada. Miaka yote ya katikati hakuna mashine iliyopita.

"Ungeiacha tu," alisema Mama Fotokopi, polepole, bila lawama. "Ingekaa pale imekufa, mpaka leo."

"Mwenzangu aliniambia hivyo hivyo," alisema Bwana Kadi. "Miaka arobaini iliyopita. Akaniwekea na kibao mezani."

Alikaa siku sita bila kumpigia binti yake. Simu ikilia aliiacha, kisha anatuma ujumbe kwamba alikuwa bafuni, alikuwa dukani, alikuwa amesinzia. Siku ya saba alipiga moyo konde akapiga mwenyewe. Hakuzunguka. Alimweleza kuhusu orodha, kitufe, zile asubuhi nne, nakala mbili za ghalani. Alieleza kama karani anayetoa ripoti, kwa sababu kwa namna nyingine asingefika mwisho.

Upande wa pili mtoto alikuwa analia kidogo kidogo, akanyamaza.

"Uliifuta wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Ulijua ni nini?"

"Sikujua. Kwenye orodha ilikuwa herufi na tarakimu tu. Sikuisoma."

"Wewe," alisema binti yake. "Wewe Baba, ukaacha kusoma."

Hakulisema kwa hasira, na ingekuwa hasira angeipokea vizuri zaidi. Kisha akasema mtoto anamtaka, watazungumza siku nyingine. Siku nyingine hiyo haikuja wiki ile, wala iliyofuata.

Bwana Kadi alianza kupekua nyumba, ingawa alijua anachotafuta hakimo. Alifungua droo za mke wake. Alikuta vifungo, kamba za viatu, miwani yenye sikio moja. Chini ya meza ya kushonea alivuta ile kreti. Vibao vilikuwa vimekaa kwa mpangilio, mgongo juu, kama vilivyoachwa. Akaanza kuvisoma. Kila kimoja kilikuwa na mwandiko mdogo wa mke wake, ulioinama kulia. Kilionekana mara ya mwisho tarehe fulani. Alikuwa nacho kinyozi wa mtaa wa pili. Alikuwa nacho msichana wa shule mwenye kovu kwenye kidevu. Hakuna kibao kilichoandikwa "kimepotea". Alitafuta neno hilo kwenye vyote, akamaliza kreti nzima, hakulikuta hata mara moja.

Chini kabisa kulikuwa na vibao saba vitupu, vimepigwa msasa tayari, havina karatasi. Mke wake alivikata mwaka maktaba ilipofungwa, akijua inafungwa.

Mzee alikaa sakafuni na kibao kimoja kitupu mapajani. Alikuwa na umri ambao mtu akikaa sakafuni anapanga kwanza atakavyonyanyuka. Hakupanga.

Asubuhi iliyofuata alifungua kompyuta, akaenda kwenye orodha yake, akafuta ule mstari unaozoa wote. Akaweka mstari mpya mmoja: yeyote anayekuja kwa anwani ya zamani ya Jumamosi Saa Nne, apelekwe kwenye Jumamosi Saa Nne, si pengine. Kisha kwenye ukurasa wenyewe, mahali pa yale maneno mawili, akaandika:

"Hapa ni mahali pa sauti ya mke wangu, akisoma hadithi ya mshona viatu. Ni dakika kumi na moja. Ilisikika mara ya mwisho kabla ya mwezi aliofariki. Siku kamili siijui, kwa kuwa mimi sikuwahi kuisikiliza. Aliyeishika mara ya mwisho ni mimi, nikaifuta. Aliye nayo ataikuta nafasi yake hapa."

Akaisoma mara mbili. Ilikuwa fupi mno kwa mtu kufunga safari kuja kuisoma. Kwa hiyo akaongeza alichokumbuka, kwa kuwa alikuwa akikaa na kadi zake upande wa pili wa kabati kila Jumamosi saa nne, hata ile ya kinasa sauti, na masikio hayakuwa yamefungwa. Aliandika kwamba mke wake alianza kusoma kwa sauti ya chini ili watoto wasogee. Kwamba mshona viatu alimpa sauti ya puani. Kwamba alikohoa kidogo kabla ya mahali mvua inapoanza kunyesha. Kwamba neno la mwisho kabisa hakulisoma yeye: alinyamaza, akawaachia watoto.

Kesho yake akaongeza jingine, kesho kutwa jingine. Na zile elfu mbili zilizobaki alizirudia, mstari kwa mstari, anwani ya zamani huku, mpya kule. Ishirini kwa siku, macho yakimruhusu. Vile viungo mia nne na kumi na tano vingine hakuweza kuvirudisha. Lakini kila alipogundua mahali kimoja kilipokuwa, aliandika kilichokuwepo, na mwaka, kama alivyokumbuka.

Blogu ilikuwa na kijidirisha kinachoonyesha kila ukurasa umefunguliwa mara ngapi, saa ngapi, kwa dakika ngapi, na kutoka nchi gani. Siku ya tatu aliona Jumamosi Saa Nne imefunguliwa mara moja. Nchi ilikuwa ile ya binti yake. Siku ya nne, mara moja. Ya tano, mara moja, karibu saa ile ile, saa ambayo huko ni ya kumlaza mtoto. Simu haikulia. Ila kila siku mtu mmoja alikuja kwenye ukurasa ambao hauna sauti, akakaa dakika kumi, kumi na moja, akaondoka.

Mzee hakuandika kwa yeyote kuhusu jambo hilo. Alihakikisha tu kwamba kila asubuhi pana mstari mpya.

Ilipofika wiki ya tano, chini ya ukurasa palitokea maoni ya mtu mmoja. Hayakuwa na salamu.

"Hapo kwenye kikohozi umekosea. Hakukohoa kabla ya mvua. Alikohoa mvua ikishanyesha, mshona viatu anapotazama mguu wake. Siku ile ya kinasa sauti nilikuwa nimekaa mbele, mkekani."

Bwana Kadi aliyasoma, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akayasoma tena. Kisha akapanda juu kwenye ukurasa, akatafuta ule mstari wa kikohozi, akausahihisha.